Harufu ya Siki

Jumanne, 8 Aprili

Siki. Nimefungua kopo la tatu, pua ikajua kabla ya macho. Nikalifunga. Nikalifungua tena, pengine ni mimi. Si mimi.

Filamu ya Awara, rili ya tatu. Ile ile ambayo Baba hakutaka mtu mwingine aiguse. Mvua tangu alfajiri, kuta zinatoa maji, na kopo hili nimeliacha juu ya kabati tangu Shaabani, limezungushiwa tepu, halipati hewa hata kidogo. Kosa langu. Joto na unyevu huamsha asidi ndani ya mkanda, asidi ikishatoka inauchoma mkanda wenyewe, nao unatoa nyingine. Maradhi yanayojilisha. Dawa hakuna, kuna kuchelewesha tu. Pakavu, ubaridi, upepo.

Nimeitenga na wenziwe, isije ikawaambukiza. Zile rili nyingine nne ziko sebuleni, makopo wazi. Hii nimelala nayo chumbani. Chakula hakikupita.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepima. Mkanda mwingine usio mkongwe chini, huu juu yake, tundu kwa tundu, kwenye meza ya kulia. Nimehesabu picha mia moja kwa ncha ya sindano. Hazifiki hata mita. Mwisho wa hesabu, huu wangu umepungua kwa nusu ya picha.

Nusu katika mia. Ikitimia picha nzima, meno ya projekta hayataingia tena vizuri, yatachana matundu ya pembeni. Basi muda niliobakiwa nao ni nusu picha. Miaka mingapi hiyo? Au masika haya tu?

Ikizungushwa inachakaa. Ikikaa inaoza. Nimegeukageuka na hilo usiku kucha.

Jumapili, 13 Aprili

Binti wa dada amekuja. "Mjomba, si ipo kwenye simu?"

Ipo. Sikubishana naye. Nimempa kipande kilichokatika zamani, nikamfundisha kukishika ukingoni kwa vidole viwili, akakielekeza dirishani. Kimya kirefu. "Mbona zote ni moja?" Nikamwambia atazame mkono wa yule mwanamke. Picha ya kwanza uko kifuani. Akateremka kwa kucha, moja moja, mpaka ya kumi na mbili: uko shingoni. Hakuona mahali uliposogea! Amerudia mara tatu. Nusu sekunde hiyo, nikamwambia, mashine hupitisha picha 24 kwa sekunde, na kati ya picha na picha kuna giza. Tunakaa gizani muda mrefu kule sinema bila kujijua.

"Na huu mstari wa pembeni, uliokunjamana?" Sauti. Mwanga unapita ndani yake, mashine inausoma. Akauweka sikioni, mtoto wa watu.

Sikumwambia kuwa sauti ya kila picha imeandikwa picha 26 kabla yake. Sekunde moja na kidogo. Sauti inatangulia njiani, picha inafuata. Baba alikuwa hivyo. Kikohozi ngazini kwanza, halafu yeye.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepita Vuga, mbele ya sinema ya Majestic. Ilifunguliwa 1955. Nimesimama sana, mpaka dereva wa daladala akanipigia honi.

Kile chumba cha juu, cha mashine. Baba alinikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akaninyooshea kidole pembe ya juu ya pazia, kulia. Kidoa cha kwanza, washa mota ya mashine ya pili. Hesabu kama sekunde saba. Kidoa cha pili, badilisha. Ukumbi umejaa watu na hakuna aliyekiona, wote wanamtazama steling. Mimi tangu siku ile siwezi kutokukiona. Hata kwenye rili yangu hii ya milimita 16 vidoa vimo, vimenakiliwa kutoka mkanda mkubwa, havina kazi tena. Kila kikiruka pale pembeni namsikia Baba: haya, tayari?

Tayari. Nimeamua. Naionyesha Jumamosi. Mwezi utachelewa kutoka, ukuta wa uani una chokaa mpya. Globu ninayo moja, wati 250, ya pili sina. Na iwe.

Jumamosi, 19 Aprili, usiku mwingi

Mvua imekatika alasiri. Alhamdulillah. Mikeka, vibao vya mbuzi vikawa viti, watoto mbele. Mzee wa nyumba ya tatu kaja na kanzu yake ya Ijumaa na kofia ya kiua, kama alivyokuwa akienda sinema Jumapili enzi hizo.

Mashine imenguruma, mwanga ukatoka na vumbi lake, na ukuta wangu ukawa na watu. Raj Kapoor na Prithviraj, baba na mwana ndani ya filamu, baba na mwana nje yake. Nyeusi na nyeupe, haijafifia, fedha iliyomo haijali miaka. Za rangi ninazo mbili, zote zimegeuka waridi.

Ikafika ile ndoto. Moshi, ngazi, Nargis. Tak! Kiungo cha zamani kimeachia. Ukuta mweupe, sauti imekufa. Mikono ikanitetemeka, tochi mdomoni, nikikata ncha na kubandika tepu. Ndipo nikasikia. Mzee ameushika wimbo pale pale ulipokatikia. Anaimba Kihindi asichokijua maana yake, taratibu, hakosei. Kina mama wa mkekani wakamwitikia.

Nilipowasha tena hawakunyamaza. Mdomo wa Nargis ulikuwa nyuma yao.

Jumapili, 20 Aprili

Mabega yanauma. Furaha haijatoka.

Mzee kagonga mlango baada ya alfajiri. Nikamwamkia, hata hakungoja chai. "Mwanangu, na hizo nne zina nini?" Nimemtajia. Katuchagulia ya Jumamosi ijayo yeye mwenyewe.

Kuunga kumekula picha mbili. Sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde, haitaonekana tena ukutani. Nimempa yule binti, kazitia ndani ya msahafu wake mdogo.

Nimewaza sana juu ya kuitunza, na jana nimepata jibu langu: mkanda ni wa kuonyeshwa kwa watu, uchakae mbele ya macho yao. Kuuficha uoze peke yake ni dhuluma.

Rili imerudi koponi bila tepu, kifuniko kimelegezwa. Juu yake nimeandika kwa kalamu nzito, chini ya mwandiko wa Baba: Imeonyeshwa 19 Aprili. Viungo 7.