Cass, Kijiji cha Reli na Magogo

Leo twende safari ya mbali, mpaka Marekani, katika milima ya jimbo la West Virginia. Huko, kando ya mto Greenbrier, kipo kijiji kidogo kiitwacho Cass. Ukishuka stesheni utaona nyumba nyeupe za mbao zimepangwa safu, zinafanana kama mapacha. Sababu ni kwamba aliyezijenga ni mmoja: kampuni ya karatasi, iliyoanzisha kijiji mwaka 1901. Nyumba zake, duka lake, kiwanda chake, na reli yake pia.

Miti mirefu ya jamii ya misonobari ilikuwa juu mlimani, tena mlima ni mkali. Garimoshi la kawaida lingeteleza. Basi wakatumia garimoshi la Shay, ambalo magurudumu yake yote huzungushwa kwa meno ya chuma. Ni la pole pole, lakini hupanda: mahali pengine, kwa kila hatua 100 za mwendo, lilipanda hatua 11. Penye mwinuko mno lilikwenda mbele, kisha kinyumenyume, hata likafika.

Wakata miti walikaa kambini, wakifanya kazi siku sita kwa juma. Kampuni ilikataza pombe kijijini mwake, lakini ng'ambo ya mto vilabu vilikuwa wazi. Mtu alishuka na mshahara mfukoni, akarudi kambini mikono mitupu. Je, jambo hili ni geni kwetu?

Juu zaidi, karibu futi 3,900, palikuwa na kijiji kingine, jina lake Spruce. Barabara haikufika kamwe. Unga ulikuja kwa reli, barua kwa reli, na mgonjwa alishushwa kwa reli. Kazi ya huko ilikuwa kumenya maganda ya magogo ya karatasi. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1925. Kwa muda reli iliwaweka watu wachache, nao mwishowe wakaondoka. Leo hukuti nyumba hata moja, ila misingi majanini.

Cass nayo ilipata msiba wake. Tarehe 1 Julai 1960 kiwanda cha mbao kilinyamaza. Lakini serikali ya jimbo iliinunua ile reli, na tangu mwaka 1963 magarimoshi yale yale yanapandisha watalii mlimani. Wanakwenda kutazama nini? Msitu! Maana miti imeota tena pale palipokuwa visiki.

Ndugu msomaji, tazama ajabu hiyo. Mti uliokatwa ulilisha kijiji kwa muda tu. Mti uliosimama unakilisha hata leo. Mungu hakutupa msitu ili sisi tuumalize, na watoto wetu warithi visiki. Wewe uliyekata mti mwaka huu shambani mwako, umepanda mingapi?