Habari Ile Mliipata kwa Nani?

 

Zamani tukiwauliza wanafunzi wetu wanataka kuwa nani, walijibu daktari au rubani. Siku hizi wengi wanajibu: mwandishi wa habari. Jambo hilo linatufurahisha. Lakini kabla ya kuwausia, inatubidi tukiri kosa letu wenyewe.

Masika moja tuliletewa kwenye simu picha ya nyumba zilizozama hadi madirishani, na maneno kwamba Kilosa mjini hakuna pa kukanyaga. Sisi walimu, kwa huruma, tukaituma papo hapo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hatukumpigia mtu yeyote. Mama mmoja wa hapa Mikumi alikuwa amewaacha wanawe wawili Kilosa kwa bibi yao. Akapiga simu, haipatikani. Usiku uleule akakodi bodaboda, akashika njia ya Ulaya katika tope na mvua. Alfajiri akawakuta watoto wanakunywa uji. Simu ya bibi ilikuwa imeisha chaji tu. Picha ile ilikuwa ya mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009, Mto Mkondoa ulipofurika, ukaharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi.

Aliporudi hakutugombeza. Aliuliza neno moja tu: "Maustadhi, habari ile mliipata kwa nani?" Tukainamisha vichwa.

Ndugu wasomaji, ni sisi tunaowafundisha watoto isnadi! Tunawaeleza jinsi Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alivyomchunguza kila msimulizi: je, ni mkweli, ana hifadhi nzuri, alikutana kweli na yule anayesimulia kutoka kwake? Tunawasomesha pia Suratul Hujurat, aya ya 6, yenye amri ya kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Tuliisoma kwa tajwidi, kisha tukaisahau tuliposhika simu.

Tangu hapo tumetenga kipindi kimoja kwa vijana wanaopenda uandishi. Kwanza tunawaonesha kutafuta asili ya picha: unaiweka kwenye Google Lens au TinEye, nawe unaoneshwa mahali ilikowahi kutokea. Tulipoiweka picha ile, jibu lilikuja kabla chai yetu haijapoa. Pili, habari za mvua waangalie kwenye tovuti ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tatu, wasome maadili ya kazi yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania, ambalo wanahabari wenyewe waliliunda mwaka 1995. Nne, wajuane na watu. Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, UTPC, ulianza mwaka 1996, na Morogoro ni miongoni mwa mikoa yenye klabu. Kijana akimpata mkubwa mmoja wa kumsomea habari yake na kumkosoa, amepata mwalimu.

Intaneti inaweza kumkutanisha kijana wa Mikumi na mwenzake wa Mombasa au Muscat, wakapeana mafunzo na nafasi za masomo. Ni neema. Ila kuhusu maji ya Mkondoa, mtu mmoja aliyesimama ukingoni anawashinda mia waliotumiwa picha. Wakumbuke pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza uongo kwa makusudi. Na asiyekusudia, kama sisi, bado ana deni kwa mama aliyesafiri usiku.

Juzi mwanafunzi mmoja alituletea habari ya tembo walioingia shambani. Kabla hatujafungua mdomo akasema, "Ustadhi, mwenye shamba nimeongea naye, na nyayo nimeziona mwenyewe." Tulimshukuru Mwenyezi Mungu.

Mama yule tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Tunamwomba Allah atusamehe pia, na azifanye kalamu za vijana wetu kuwa za kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.