Mwiko Una Mwenyewe

Kwa miaka mingi niliyosahihisha insha za sekondari, nilikutana mara kwa mara na wanafunzi walioyatumia maneno haramu na mwiko kana kwamba ni pacha. Mmoja aliandika kuwa nyama fulani ni haramu kwa ukoo wao. Mwingine aliandika kuwa nguruwe ni mwiko kwa Mwislamu. Wote wawili walieleweka, na kalamu nyekundu haikuwa na sababu ya kuwagusa. Hata hivyo maneno haya hayakatazi kwa namna moja, na tofauti iliyomo ndani yake inatusaidia kulikabili swali ambalo wakazi wa nchi yenye dini nyingi hawawezi kulikwepa: je, amri ya dini yangu yamhusu asiyekuwa wa dini yangu?

Tuanze na mwiko. Mwiko una mwenyewe. Twasema mwiko wa ukoo, mwiko wa mganga, mwiko wa mama mjamzito. Huku kwetu Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Mtongwe, Mfipa, Mha, Msukuma aliyehamia na Mbembe aliyevuka maji kutoka Kongo huweza kukaa jamvi moja, kila mmoja akiwa na kitu asichokila, na hakuna anayedhani kwamba jirani yake amekosa kwa kukila. Anachotazamia ni kuwa hatapakuliwa kwa hila. Hata siasa yetu ililitumia neno hili kwa usahihi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Raia wa kawaida aliyejenga chumba akakipangisha hakuvunja mwiko wowote, kwa kuwa hakuwa kiongozi. Mwiko ulifuata cheo, na asiyeutaka mwiko alikiacha cheo.

Na kwa kuwa lugha yetu haikosi utani, mwiko ni pia kile chombo cha kusongea ugali. Nami huwaambia vijana: mwiko wa jikoni huazimwa kwa jirani, mwiko wa ukoo hauazimwi.

Haramu ina historia nyingine. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, likaja na jamaa zake: maharimu, ndugu wasiooana, ihramu, vazi la mwenye kuhiji, haramia, mnyang'anyi wa baharini na nchi kavu. Awali lilikuwa neno la muumini mbele ya Mola wake. Lakini sikiliza taarifa ya habari ya leo: pombe haramu, wahamiaji haramu, uvuvi haramu. Hapa anayesema ni serikali, na Ibara ya 3 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inatamka kuwa Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyo na dini. Neno moja, basi, lina anwani mbili. Kwa anwani ya kwanza lamfikia mwenye imani. Kwa anwani ya pili lamfikia kila raia. Barua ya anwani moja ikipelekwa kwenye nyingine, ndipo ugomvi unapoanza.

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, inafaa tuzisikilize dini zenyewe. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 5, anawaelekeza Wakristo wajihukumu wao kwa wao walio ndani, na walio nje wamwachie Mungu. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 256, inakataa kulazimishana katika dini, na sura ya Al-Kafirun hufungwa kwa kuitenga dini ya hawa na dini ya wale. Marabi wa Kiyahudi nao hawakumtaka asiye Myahudi azishike amri zao 613. Walimhesabia saba tu, zinazoitwa za wana wa Nuhu, na miongoni mwazo ni kutoua na kutoiba.

Wanazuoni wa Kiislamu walilichambua swali hili kwa jina lake hasa. Waliuliza kama asiyeamini anahutubiwa na matawi ya sheria, mathalani sala na saumu. Wengi wa Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, walisema anahutubiwa. Wahanafi wengi walisema la. Lakini hata waliosema ndiyo walikuwa wakiizungumzia hesabu ya Akhera. Hawakumaanisha kwamba jirani asiyeamini avutwe kanzu hadi msikitini. Wangewezaje, na hali saumu haisihi pasipo nia? Hapa kusini kidogo ya kwetu, Karema, mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1885, na mwasisi wao, Kadinali Lavigerie, aliagiza kwamba mtu mzima aandaliwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Miaka hiyo minne ilikuwa kizingiti. Aliyekuwa nje yake hakutazamiwa kuishi kama aliyekwisha kukivuka. Dini zote hizi, basi, zinajua kwamba amri ina mlango, na mlango wake ni ahadi ya mtu mwenyewe.

Kama mambo yangeishia vitabuni, nisingeandika. Lakini amri huwafikia walio nje kwa njia tatu, na njia hizo hazilingani.

Njia ya kwanza ni ukarimu. Kwa desturi ya miaka mingi hapa Tanzania, mnyama atakayeliwa na watu wa dini mbalimbali huchinjwa na Mwislamu. Mkristo anayeoza binti yake humwita jirani yake Mwislamu, akampa kisu na kumwonyesha ng'ombe. Hafanyi hivyo kwa sababu sheria ya kuchinja imemfunga yeye. Anafanya hivyo kwa sababu anataka sinia lake limtoshe kila atakayefika. Katika shule moja ya bweni nilikofundisha tulikula hivyo miaka yote, wala sikumbuki mwanafunzi aliyelalamika. Mtu huyu ametoa kitu chake kwa hiari, na kitu kilichotolewa kwa hiari kina utamu wake.

Njia ya pili ni nguvu, na hapo utamu huisha. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, swali la nani mwenye haki ya kuchinja lilizua vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Miaka 20 kabla ya hapo, Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam. Ukitazama, kisu cha Buseresere kilikuwa kisu kile kile cha harusi. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja uliiona desturi kuwa haki yake, na upande wa pili ukaiona kuwa nira. Ukarimu ukidaiwa kama kodi, mwenye nyumba huanza kuhesabu vipande vya nyama.

Zanzibar, ambako Waislamu ndio takriban watu wote, jambo hili lina sura nyingine. Machi 2024 polisi waliwakamata watu 12 kwa kosa la kula hadharani mchana wa Ramadhani. Naelewa jinsi mfungaji anavyojisikia anapopita mbele ya mtu atafunaye bila haya. Mgeni mwenye malezi hujificha bila kuambiwa, nami nikiwa Unguja katika mwezi huo nitakula ndani. Lakini hiyo ni adabu, na adabu hukaa mikononi mwa wazee na majirani. Ikikabidhiwa kwa askari hugeuka kitu kingine, kwa maana aliyejizuia kwa hofu ya pingu hakumheshimu mtu, na wala hakufunga.

Nilipata kulisikia jibu la suala hili kutoka kwa mwenye haki ya kulijibu. Katika kikao cha walimu, mwenzetu mmoja Mkristo, kwa nia njema kabisa, alipendekeza bwalo lifungwe mchana wa Ramadhani ili wanafunzi wanaofunga wasisumbuke. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwislamu wa Ujiji, aliinua mkono. "Nakushukuru, ndugu yangu," alisema, "lakini usiwafungie watoto wa watu sufuria. Saumu yangu ni yangu. Wewe nisaidie kitu kimoja: hakikisha wapishi hawalali usiku wa daku." Pendekezo likaondolewa, na mwezi ule walimu wawili Wakristo walipokezana kuwaamsha wapishi.

Njia ya tatu haizungumzwi sana, na ndiyo inayonigusa zaidi. Ni pale ambapo aliyeapa ni mmoja, na mzigo wa kiapo ukamwangukia mwingine.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mke wa pili. Babu alipotaka ubatizo katika parokia moja, aliambiwa abaki na mke mmoja, naye akabaki na yule wa kwanza. Babu alikuwa ameichagua dini yake kwa moyo mweupe, na sheria ya mke mmoja aliipokea kama sehemu ya kuingia kwake. Lakini bibi hakuwa ameomba ubatizo. Hakuwa mwanafunzi wa dini. Siku za mafundisho alikuwa shambani. Alirudi kwa kaka zake akiwa na baba yangu mgongoni, mikungu miwili ya ndizi na jembe lake. Sikumsikia akimtukana padri wala babu. Nilipokuwa kijana wa chuo cha ualimu nilimwuliza kama moyo ulimuuma, naye akanijibu kwa sentensi moja ambayo sijaisoma katika kitabu chochote cha maadili: "Mwanangu, aliyeapa ni yeye, aliyehama ni mimi."

Kanisa lenyewe halikubaki pale lilipokuwa. Sheria zake za mwaka 1983, kanuni ya 1148, zinamtaka askofu ahakikishe kwamba wake wanaoachwa kwa namna hiyo wanatunziwa mahitaji yao kwa haki na kwa upendo. Nayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 11, inazuia ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani isigeuzwe kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanaendelea kuukiri Ukristo. Angalia neno hilo maadamu. Katika jambo hilo serikali imeifunga amri kwa wale wanaoikiri, nayo haisogei hatua moja zaidi. Bibi alifariki kabla ya kanuni ile ya 1983. Lakini naiona kama jibu lililochelewa kwa sentensi yake.

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, muumini anyamaze mbele ya kila jambo la asiye wa dini yake? La hasha. Mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi yameitia doa mikoa yetu ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa. Hapo shehe, padri na mchungaji wakipaza sauti hawamlazimishi mtu dini yao, kwa maana anayeumia ni mtu wa tatu, naye hakuulizwa. Swali langu la kupimia ni hilo moja: mzigo unamwangukia nani? Nikila kile ulichokatazwa wewe, hesabu ni yangu na Mungu wangu. Nikimwumiza jirani, hesabu ni ya kijiji kizima.

Ziwa letu limetufundisha tofauti hiyo. Samaki wakiadimika, wapo wepesi wa kumtafuta mwenye dhambi: fulani anauza pombe, fulani anaishi na mwanamke bila ndoa, ndiyo maana dagaa wamekimbia. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, Ziwa Tanganyika lilifungwa ili samaki wazaliane. Msabato aliyepumzika Jumamosi, Mwislamu aliyeswali Ijumaa, Mkatoliki wa Jumapili na mzee asiye na siku yoyote, wote walianika nyavu. Njaa iliuma na manung'uniko yalikuwa mengi, lakini sikumsikia mtu aliyesema kwamba amelazimishwa dini ya mwenziwe. Sababu iliyotolewa, yaani samaki, mayai yao na nyavu, ilikuwa sababu ambayo kila mvuvi angeweza kuipima kwa macho yake. Amri inayotaka kumfunga kila mtu sharti ije na sababu ya namna hiyo. Ile inayosimama juu ya Kitabu peke yake ibaki kwa waliokipokea Kitabu, nao waishike kwa nguvu zao zote.

Mimi nazishika za kwangu. Ijumaa Kuu hapikwi nyama nyumbani kwangu, na mpangaji wangu, ambaye si Mkristo, hukaanga yake upande wa pili wa ua, harufu ikaja hadi barazani. Haijanipunguzia kitu. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa watu wa mizani na vina, naacha ubeti mmoja, wenye kuweza kuuendeleza wauendeleze:

Mwiko una mwenye mwiko, mgeni haumfungi,
Nikija nyumbani kwako, adabu yako sipingi,
Mezani pana mwaliko, pana nafasi kwa wengi,
Ila nguvu na kiboko, ujirani havijengi.