Meza Isiyo na Kifuniko

Hapa Mji wa Kale, fundi wa kompyuta husemwa maneno yale yale. "Amenibadilishia RAM." "Nilimpa nzima, kanirudishia mbovu." Hakuna anayethibitisha, na hakuna anayesahau. Mashine huingia chumba cha nyuma, pazia likashushwa, kisha bei ikatoka.

Mimi hufanyia kazi chumba cha mbele, karibu na baraza. Nilijua ujuzi peke yake hautaniondolea shaka hiyo, ndipo nikaunda meza ya majaribio iliyo wazi.

Seremala wa Kibokoni alinikatia plaiwudi mbili za sentimita 40 kwa 35, akazishika kwa miguu minne, moja juu ya nyingine. Alipomaliza akaitazama.

"Sasa kifuniko chake ki wapi?"

"Hakina, ami."

"Basi vumbi lako hilo."

Vumbi na chumvi ya bahari, kweli. Usiku naifunika kwa leso.

Chini hukaa pawa saplai na diski. Juu nimekaza nguzo fupi 9 za shaba, nikifuata mashimo ya ATX, kipimo kilichotolewa na Intel mwaka 1995: sentimita 30.5 kwa 24.4. Madabodi ikikaa juu ya nguzo hizo, mgongo wake haugusi kitu. Swichi ya kuwashia niliing'oa kwenye keisi kuukuu, pamoja na spika yake, ndogo kama kifungo cha koti.

Spika hiyo ndiyo roho ya meza. Ukitoa RAM zote kisha ukawasha, madabodi nyingi zilizo hai hulia. Maana yake prosesa inafanya kazi, inatafuta kumbukumbu na haiioni. Ikinyamaza, tafuta ugonjwa kwengine.

Juzi alikuja mama mwenye saiba ndogo Bondeni. Alikuwa ameshaambiwa madabodi imekufa, anunue nyingine. Kwa mashine hiyo huchapa barua za watu. Ikilala, na kodi ya chumba hulala. Nikamwekea kiti.

"Mama, tazama meza, usinitazame mimi."

Nikaihamishia madabodi yake juu ya nguzo, nikatoa RAM zote mbili, nikawasha. Ti, ti, ti.

"Yalia nini?"

"Yataka RAM. I hai, mama."

Nikazima, nikachomoa waya. Meno ya RAM yalikuwa yamefifia kwa unyevu, nikayasugua kwa raba ya shule. Nikaweka ya kwanza: skrini ikawaka. Nikaitoa, nikaweka ya pili mahali pale pale: kilio. Kwa hivyo tundu ni zima, RAM ndiyo mbovu. Nikampa mkononi.

Akaigeuza, akanionyesha doa jekundu pembeni. Rangi ya kucha.

"Nilizitia alama zote kabla sijaja, mwanangu. Usinichukie."

Sikumchukia. Angekuwa mamangu, ningemshauri afanye vivyo hivyo.

Pesa niliyopata siku hiyo ni ya kusugua kwa raba, si ya kuuza madabodi. Hiyo ndiyo gharama ya kazi ya wazi: mteja akiona kila hatua, huna pa kuficha bei. Lakini yule mama ametuma jirani zake wawili, na wote wamekuja na vitu vilivyotiwa alama. Asiye na alama namuuzia imani bure: kichupa cha rangi ya kucha kiko mezani, kando ya bisibisi.