Mursik Nyeusi Sio Lazima Iwe Tamu: Nimepea Nne za Ziwa Alama

Wasee, kuna kitu lazima tuambiane mapema. Mursik ikiwa nyeusi tititi haimaanishi ni ya ukweli. Na ikiwa nyeupe yenye michirizi ya kijivu haimaanishi mwenye aliitengeneza alikuwa mvivu wa kuweka mkaa. Najua nikisema hivi kuna watu watakasirika kwa komenti, lakini someni kwanza mpaka mwisho halafu mnitukane mkiwa mnajua ni kwa nini.

Shida iko hivi. Wakenya wengi wanajua mursik kwa macho tu. Mwanariadha anarudi na medali, anafika uwanja wa ndege, mama mmoja anamwekea kibuyu mdomoni, kamera zinapiga picha, basi. Tunajua kibuyu na tunajua ile rangi. Lakini ukiuliza msee wa Eldoret mjini, hata Mkalenjin kabisa, "hii mursik ina ladha gani?" anakuambia "ni tamu" ama "ni chungu." Maneno mawili. Kinywaji kimekaa na sisi vizazi na vizazi, na kijana wa leo anakieleza kwa maneno mawili!

Sasa linganisha na watu wa bia za krafti, zile bia za viwanda vidogo. Hapa siwauzii bia, na kama hujafika 18 sheria ya Kenya imeshakuambia ngoja. Ninachowaonea wivu ni jinsi wanavyoongea. Msee ananusa glasi anasema inanuka ganda la chungwa, ananywa kidogo anasema imebaki uchungu wa kahawa kwa ulimi, halafu anakuambia hii ni stauti, ile ni IPA, na hii nyingine ni laga lakini haijakaa vizuri. Hawakuzaliwa wakijua. Mwaka 1977 mwandishi mmoja Mwingereza anaitwa Michael Jackson (sio yule wa kucheza densi) alitoa kitabu, The World Guide to Beer, akapanga bia za dunia kwa mitindo. Watu wakaanza kuona kwamba bia sio kitu kimoja. Miaka michache kabla ya hapo, 1971, Waingereza wanne walikuwa wameanzisha kikundi kinaitwa CAMRA, kwa sababu viwanda vikubwa vilikuwa vinasukuma bia za kujazwa gesi na ile ya zamani ya kuivia kwa pipa ilikuwa inaisha polepole. Walianza wakiwa wanne tu, na mpaka leo hicho kikundi kipo na bia yao ya pipa bado inanywewa.

Halafu kuna majaji. Kuna shirika linaitwa BJCP, lilianza Marekani 1985, linafundisha watu kuhukumu bia. Karatasi yao ina alama 50. Harufu inabeba 12, ladha 20, vile kitu kinahisi mdomoni 5, na jumla yake 10. Muonekano? 3. Tatu tu kati ya hamsini! Hapo ndipo mimi nilikaa chini. Sisi mursik tunaipea macho alama 45, halafu ulimi unagawana zenye zimebaki.

Basi nikachukua hiyo karatasi nikaileta Ziwa.

Kwa wenye hawajui, Ziwa ni huku Uasin Gishu, kaunti ndogo ya Soy. Unapanda matatu Eldoret, unapita mashamba ya mahindi mpaka unachoka kuangalia mahindi. Kila boma lina ng'ombe, hata kama ni mmoja. Nikatafuta mursik nne. Cuzo wangu akamimina kwa glasi za kuona ndani, akaandika namba chini, mimi nikiwa nje. Kwa hivyo nilipoonja sikujua gani ni gani. Kogo alikuwa amekaa hapo kando akitucheka kwa Kinandi. Majibu ni haya.

Namba moja: ya mamangu, siku nne kwa kibuyu. Hii ni mursik changa. Ni nyepesi, nyeupe na michirizi ya bluu-kijivu kama mawingu ya jioni. Harufu ya moshi iko mbali kidogo, na bado unasikia ile harufu ya maziwa yaliyochemka. Uchachu unakuja polepole na unaondoka haraka. Kama hujawahi kunywa mursik, anza na hii, haitakutisha. Harufu 7, muonekano 3, ladha 13, mdomoni 5, jumla 7. 35/50.

Namba mbili: ya jirani, siku nne pia, lakini mkaa wa watu. Hapa watu wa mjini wananishangaa: watu gani? Watu ndio wattle, ule mti wa kuni na maganda. Kwetu nyumbani tunatumia senetwet, kile kichaka cha maua ya njano kinachomea kando ya barabara. Maziwa ni yale yale ya hapa Ziwa, siku ni zile zile, lakini moshi ni mwingine kabisa. Huu wa jirani ni mkali zaidi, unagonga pua kwanza kabla ulimi. Umeacha ukavu fulani kwa koo, kama umekunywa chai ya rangi iliyozidi majani. Sikuupenda sana, lakini nikauheshimu. Harufu 9, muonekano 3, ladha 14, mdomoni 3, jumla 7. 36/50.

Namba tatu: ya kogo, wiki tatu. Manze. Hii nilijua kabla hata sijameza. Imeshikana nzito, lakini ukitikisa inalegea inakuwa laini. Kogo anamwaga yale maji ya juu, anaongeza maziwa mapya, anafunika, anasubiri tena. Uchachu wake ni mkali, lakini umekaa mahali pake. Moshi uko ndani ya maziwa, hauelei juu. Ukimeza, baada ya dakika moja unasikia kitu kama njugu iliyochomwa. Na rangi? Karibu nyeupe! Ukiiweka kwa picha hakuna mtu atakupea laiki. Harufu 11, muonekano 2, ladha 18, mdomoni 4, jumla 9. 44/50.

Namba nne: ya chupa ya plastiki, nilinunua mjini. Duka sitaji na chupa haikuwa na jina. Kwa macho hii ndiyo ilishinda zote. Nyeusi-kijivu, imeenea sawasawa kama rangi ya ukuta. Nikanusa: hakuna moshi. Nikaonja: maziwa lala ya kawaida, si mabaya, na unga wa mkaa unaoshika meno. Nikaiacha kwa meza dakika ishirini, mkaa wote ukashuka chini kama mchanga wa mto. Hiyo haijawahi kuona kibuyu. Harufu 2, muonekano 3, ladha 7, mdomoni 4, jumla 2. 18/50.

Wacha nieleze kwa nini mkaa wa chupa na mkaa wa kibuyu sio kitu kimoja. Kwa kibuyu, yaani sotet, mkaa hauongezwi kwa maziwa. Unachukua kijiti cha senetwet chenye moto kwa ncha, unakiingiza ndani ya sotet, unaponda na kusugua kuta za ndani kwa sosiot, ile fimbo iliyochanwa mwisho ikawa kama brashi. Unamwaga unga uliozidi. Kinachobaki ni ngozi nyembamba ya moshi ndani ya kibuyu. Ndipo unaweka maziwa yaliyochemshwa na kupoa, unafunika, unaweka mahali baridi, giza. Bakteria wanakula sukari ya maziwa, wanaigeuza kuwa asidi, na siku zinavyosonga maziwa yanachukua moshi kutoka kwa kuta. Hiyo ni kazi ya subira. Kutupa unga mweusi kwa maziwa lala ni kazi ya dakika moja.

Sasa mtu ataniuliza, "Si kila mtu anunue chenye anapenda? Kwani shida iko wapi?"

Shida niliikuta sokoni Ziwa. Kuna mama anauza mursik yake, ya kibuyu kabisa. Nilimwambia yake ni safi, akanishukuru, halafu akasema kitu kimenikaa kichwani. Wateja wa kutoka mjini wanamuuliza kwa nini yake si nyeusi kama ya dukani. Wengine wanaangalia, wanarudisha, wanaenda. Akaniuliza, "Sasa kijana, niongeze tu huo unga niuze?" Hakuwa anacheka.

Fikirieni hiyo. Feki sasa ndiyo imekuwa rula ya kupimia original. Mama mwenye amesugua kibuyu na akasubiri anauza bei ile ile na mwenye ametikisa chupa, na bado yeye ndiye anaulizwa maswali. Akiongeza unga, simlaumu, ana watoto wa shule. Lakini siku akina mama kama huyu wote wataongeza, hakutakuwa na sababu ya mtu kulima kibuyu, wala kujua senetwet ni gani na watu ni gani. Jina litabaki kwa chupa tu. Nani amesababisha? Sio duka peke yake. Ni sisi wateja tusiojua kuonja.

Kuna wazee watasema maziwa hayapewi alama. Hata kogo alisema hivyo. Kwetu maziwa ni baraka, ni ya koito, ni ya kukaribisha mgeni, na ukikaribishwa unakunywa unashukuru. Nakubali kabisa. Ukiingia boma la mtu akakupea sotet, usitoe karatasi, utachomea wazazi wako picha. Lakini maziwa ya kuuzwa ni hadithi nyingine. Ukishaweka bei, mnunuzi ana haki ya kuuliza. Na nikawakumbusha wazee kitu: kogo mwenyewe, alipoonja ya namba nne, alikunja uso akaweka glasi chini. Hiyo ilikuwa nini kama si alama? Alicheka, akaniambia basi niandike, lakini niandike vizuri.

Kuandika vizuri ni pamoja na kusema hata yenye hatutaki kusikia. Mwaka 2013 watafiti walichapisha utafiti kuhusu mursik ya magharibi mwa Kenya. Walipata pombe na kemikali inaitwa asetaldehaidi kwenye sampuli zingine, wakauliza kama hiyo inaweza kuwa moja ya sababu za saratani ya koo, ambayo imesumbua sana watu wa huku. Walisema inawezekana, hawakusema ni hakika, na saratani hiyo ina mambo mengi nyuma yake, kama sigara na pombe kali. Mimi sio daktari. Lakini sitaki kuwa yule msee anapigia utamaduni makofi halafu anaziba masikio. Kama sampuli hazikulingana, basi ni vile tulisema: mursik sio kitu kimoja. Usafi wa kibuyu, siku ilizokaa na vijidudu vilivyoingia vinabadilisha chenye unakunywa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza maswali badala ya kuangalia rangi.

Kwa hivyo ukienda kununua, iwe Ziwa, Eldoret, Kapsabet ama hata Nairobi, uliza hivi. Imekaa siku ngapi? Ilikaa kwa kibuyu ama kwa mtungi wa plastiki? Mkaa ni wa mti gani? Maziwa yalichemshwa? Muuzaji wa ukweli atafurahi sana, atakuambia mpaka jina la ng'ombe. Mwenye anauza rangi ataanza kukuuliza kama unanunua ama hununui.

Halafu nusa kabla ya kunywa. Acha glasi itulie uone kama kuna mchanga mweusi chini. Kunywa kidogo, ngoja dakika moja, uone nini imebaki. Alama za macho ni tatu, usizizidishe.

Na hapo chini kwa komenti, nipe alama za mursik ya kwenu juu ya 50, siku ilizokaa na mti uliotumika. Kama kwenu mnatumia mti tofauti na senetwet na watu, andika jina lake kwa lugha yenu. Nataka tufike miti kumi kabla ya wiki kuisha. Halafu Jumamosi mimi narudi sokoni kwa yule mama. Nitabeba hiyo orodha nimsomee, ajue kuna watu bado wananunua na ulimi.