Chumba cha Tatu Kushoto

Ramani za kununua zipo, na ni nzuri sana. Zinauzwa mtandaoni kwa dola, kwa hiyo mimi ninachora kwenye manila.

Tunacheza Jumapili jioni, watu watano, chumbani kwangu Sinza, godoro likiwa limesimamishwa ukutani ili tupate sakafu. Mchezo ni Dungeons & Dragons, ule uliotoka Marekani mwaka 1974. Kwa asiyeujua: mmoja anasimulia, wengine wanakuwa wahusika, na pale penye mashaka dadu linaamua. Msimulizi ni mimi. Kazi yangu kubwa ni kuandaa handaki, yaani vyumba vya chini ya ardhi vyenye mitego, hazina, na zimwi linalongoja mwishoni.

Ujanja wa kubana matumizi nimeupata kwa kukosea. Kwanza nachora kwenye daftari la hesabu, lile la vijisanduku, kila kisanduku kikiwa futi 5 za ndani ya hadithi. Ikikubali, nahamishia kwenye manila, ambako kila mraba unakuwa na sentimita 2.5, inchi moja hivi. Sichori mistari ya miraba; naweka nukta kwenye kona tu, na jicho linamalizia lenyewe. Hapo wino umepona. Juu natandika nailoni ya kukavia madaftari, tunaandika kwa maka peni ya ubao mweupe na kufuta kwa soksi. Wahusika ni vizibo vya soda. Vyumba ambavyo hawajaingia nimevifunika kwa vipande vya gazeti, na kuna raha fulani ya kitoto kumwona mtu mzima mwenye kazi benki akiomba gazeti liondolewe taratibu.

Dadu la pande 20 tunalo moja, tunapokezana. Kabla ya hapo tulichomoa namba za karatasi kwenye kikombe. Niliona aibu mpaka niliposoma kwamba mwaka 1979 watengenezaji wenyewe walipungukiwa na dadu, wakaweka kwenye maboksi vipande vya kadi vyenye namba.

Lakini karatasi si tatizo. Tatizo ni ramani yenyewe. Handaki zangu za mwanzo zilikuwa kama foleni ya benki: chumba, korido, chumba, korido, zimwi. Aliyenifungua macho ni Jennell Jaquays, mchoraji Mmarekani aliyefariki mwaka 2024. Katika The Caverns of Thracia, ya 1979, mahali pamoja pana milango mingi ya kuingilia, na njia zinazunguka na kukutana tena. Mchezaji anachagua kweli, na anaweza kumzunguka adui kwa nyuma.

Nikawa natafuta nyumba ya namna hiyo ya kuiga, isiyo ngome ya Ulaya ambayo sijawahi kukanyaga. Nikaipata kichwani. Nyumba ya bibi, Magomeni. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha uani: jiko, choo, karo la kufulia, na kile kimlango cha kichochoroni ambacho wanawake walipitia ili wasiwapite wanaume waliokaa barazani. Ukiitazama haraka ni korido moja tu. Ukiwa umekulia mle, unajua inazunguka.

Bibi alipofariki nyumba iliuzwa ili warithi wagawane. Mjomba ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Mama anaamini bei aliyoitaja siyo aliyoipokea. Sina ushahidi wowote. Ninachojua ni kwamba tangu hapo mama hasemi “kaka”, anasema “yule”, na pale pamesimama ghorofa.

Mtoto wa yule anakuja kila Jumapili. Mama hajui.

Sitajifanya kwamba sikufikiria. Nilibadili mabati yakawa mawe, karo likawa kisima cha sumu, na zimwi nikaliweka chumba cha tatu kushoto, ambacho kilikuwa cha mjomba. Niliona ni utani wangu wa siri. Joka zee limelalia dhahabu ya watu.

Binamu anacheza kama mwizi. Wenzake waliingilia mbele, wakaanza kubishana na mifupa ya korido. Yeye akauliza: “Huku nyuma hakuna kimlango?” Kilikuwa bado kimefunikwa na gazeti. Nikaondoa. Akasogeza kizibo chake cha Mirinda hadi uani, akapita jikoni, kisha akanyamaza. Wengine walidhani anapiga mahesabu.

Nilipofunua chumba cha tatu aliinama akakitazama kwa muda mrefu.

“Bina,” alisema, “dirisha umelisahau.”

“Dirisha gani?”

“La upande wa mwarobaini. Baba alikuwa analiacha wazi ili bibi akikohoa usiku amsikie.”

Hilo sikulijua. Mimi nilikuwa mtoto wa likizo mle ndani. Yeye ndiye aliyelala humo. Akachukua penseli yangu, akainua nailoni, akachora dirisha mahali pake, miraba miwili kutoka kwenye kona.

“Kuna nini humu?” akauliza.

Nikasema kuna joka, limelalia dhahabu. Ilibidi niseme, ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari. Akanitazama, na nikaona kwamba ameelewa yote. Yule wa benki akamhimiza: mchome kisu, amelala huyo, una nafasi.

“Sitaki kumchoma. Nataka kuongea naye.”

Nilikuwa nimeandaa pumzi ya moto, mkia, hasira na idadi ya majeraha. Maneno sikuyaandaa. Nikampa dadu, akarusha, likaviringika hadi chini ya godoro. Tuliinama wote wawili kulitafuta. Ilikuwa 7, namba isiyotosha kwa lolote.

“Anakusikiliza,” nikasema.