Bart alichoma, Milhouse akalia, lakini bili alilipa Samantha

Wadau, kila mtaa una mtu wa hivi. Rafiki yake akipata demu tu, yeye anaanza kununa. Simu hapokei. Akiitwa kijiweni anasema ana kazi. Akija, anakaa pembeni kakunja sura kama kanyimwa chai ya msibani. Ukimuuliza vipi, anajibu "niko fresh." Hayuko fresh hata kidogo. Anajiona ameibiwa, tena ameibiwa mtu, na hakuna kituo cha polisi kinachofungua kesi ya namna hiyo.

Huyo jamaa alishachorwa kwenye katuni muda mrefu sana. Tarehe 7 Mei 1992, televisheni ya Fox kule Marekani ilirusha kipindi cha The Simpsons kinachoitwa Bart's Friend Falls in Love. Ni cha msimu wa 3. Wengi mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa, lakini kiangalie leo usiku uone kama hujamwona mtu unayemfahamu.

Kwa ambao The Simpsons wanaijua kwa vipande vya TikTok tu, iko hivi. Ni familia ya mji wa Springfield: baba Homer, mama Marge, Bart mwenye miaka 10, Lisa mwenye miaka 8, na Maggie ambaye bado ananyonya chuchu ya plastiki. Matt Groening ndiye aliyewabuni. Kipindi kilianza rasmi tarehe 17 Desemba 1989, vimeshatoka zaidi ya 750, na Bart hadi leo yuko darasa la nne. Mshikaji wake wa damu ni Milhouse, dogo mwenye nywele za bluu na miwani mikubwa kama vioo vya gari. Kwenye urafiki wao kila kitu kinaeleweka: Bart anaamua, Milhouse anafuata. Bart akifanya utundu, Milhouse ndiye anayekamatwa.

Ndiyo maana kilichotokea kwenye kipindi hiki kilimchanganya Bart kinoma. Anakuja mwanafunzi mpya darasani, Samantha Stanky, amehamia kutoka Phoenix. Mtoto mpole, sauti nyembamba, mtaratibu. Milhouse akimwangalia tu, kwisha habari. Na cha ajabu, Samantha naye anampenda. Yaani yule Milhouse ambaye hakuna aliyemhesabu, sasa ana mtu wake, na Bart hana.

Kipindi hakimfanyi Bart shetani, na hapo ndipo palipo na utamu. Mwanzoni anajaribu kuvumilia. Tatizo ni kwamba Milhouse anamleta Samantha mpaka kwenye kile kibanda cha juu ya mti, nyumbani kwa Bart. Kwa watoto wale kibanda kile ndiyo kijiwe, ndiyo ofisi, ndiyo serikali. Ni mahali ambapo wawili walikuwa wawili. Sasa wako watatu, na wa tatu ni Bart, tena juu ya mti wa kwao mwenyewe. Wenzake wanashikana mikono, yeye anahesabu mbao.

Pembeni kuna kisa cha Homer, wengi wanakipita kama kichekesho tu. Lisa ana wasiwasi kwamba unene utamuua baba yake mapema, basi Marge anaagiza kanda ya kumsaidia kupungua, ile ya kusikiliza ukiwa usingizini. Kampuni imeishiwa, inamtumia kanda ya kufundisha maneno magumu. Homer anaanza kuongea kama mheshimiwa anayesoma hotuba ya bajeti, huku kilo zinapanda. Alipoachana na ile kanda, hata jina la kijiko likampotea kichwani, akabaki anaeleza kwamba ni kile kidude cha chuma cha kuchotea chakula.

Sasa weka visa hivyo viwili pamoja. Baba ana maneno yote ya kamusi na hayamsaidii kitu. Mtoto wake anahitaji neno moja tu, "nimekumiss," na halitoki. Angelisema, huenda kipindi kingeishia dakika ya kumi. Badala yake akanyanyua simu.

Alimpigia baba yake Samantha. Akamchomea. Mzee akaja mbio, akapanda juu, akawakuta watoto wanapeana busu, akamburuta binti yake. Hakuuliza mara mbili. Samantha akahamishiwa Saint Sebastian's, shule ya masista ya wasichana watukutu. Akamaliza habari na darasa lake, na mji ambao hata hajauzoea.

Kuna kitu kimoja ambacho ukiangalia kipindi hiki peke yake hukioni. Tarehe 17 Oktoba 1991, msimu huohuo, kulikuwa na kipindi kinaitwa Homer Defined. Humo mama yake Milhouse ndiye aliyemkataza mwanaye kucheza na Bart, kwa kuwa Bart ni mtoto mbaya na atamharibu. Bart akabaki mpweke, ikabidi Marge aende mwenyewe kumwomba yule mama. Kwa hiyo Bart alijua vizuri sana mkono wa mzazi unavyoweza kukata urafiki wa watoto. Ulishamkata yeye. Haikupita hata miezi saba, akaukodi mkono uleule umkate mwenzake. Aliyewahi kupigwa na fimbo anajua inauma wapi, na siku akiishika yeye halengi vibaya.

Baada ya hapo Milhouse anaishiwa nguvu kabisa, hana hamu ya chochote. Bart anashindwa kubeba. Anamwambia ukweli kwamba ni yeye aliyepiga simu. Wanatwangana ngumi, wanavunja vitu, Milhouse anapigwa na ule mpira wa kubashiri, Magic 8 Ball, ambao mwanzoni mwa kipindi ndio ulioutilia shaka urafiki wao. Mpira unapasuka, ubashiri unakufa nao. Kisha wanapatana. Watu wengi wakikumbuka kipindi hiki wanakumbuka hapo: marafiki wa kweli wanagombana, wanapatana, maisha yanasonga. Kipande hicho kikikatwa na kuwekewa muziki wa huzuni, kinapendwa na maelfu.

Lakini kuna dada mmoja wa Temeke, msusi, umri wake miaka 26, ambaye hakukipenda.

Alikiona saluni kwake. Mteja alikuwa amekuja na mtoto, mtoto akapewa simu atulie, na kwenye simu ndiyo kikawa kinacheza hicho. Dada anasuka huku anachungulia. Walipofika pale baba anamburuta binti, akaacha kusuka. Mteja akadhani rasta zimeisha.

Kisa chake kinafanana mpaka kinatisha. Alikuwa kidato cha pili. Kulikuwa na kijana wa darasa lao, walikuwa wanarudi pamoja kwa mguu, wanagawana mihogo ya kukaanga, wanaandikiana vibarua nyuma ya daftari la hesabu. Basi, ni hivyo tu. Kijana yule alikuwa na rafiki yake wa tangu chekechea, wamecheza makopo pamoja, wamepigwa na mwalimu mmoja. Rafiki akaanza kununa. Siku moja akaenda kwa baba mdogo wa yule binti, akamwambia binti yenu anaharibika, akampa na kibarua kimoja kama ushahidi.

Kikao cha familia kilikaa usiku mmoja tu. Wiki iliyofuata binti yuko kwa bibi yake mkoani Tanga, shule ya kata, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Timu ya netiboli ikaishia hapo. Ndoto ya kusoma sayansi nayo ikaishia hapo, maana shule ile mwalimu wa fizikia hakuwepo. Akamaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hataki kuyataja.

Na wale wavulana? Walipigana siku moja nyuma ya choo cha shule, mmoja akatoka damu puani. Wiki mbili baadaye wakawa timu moja kwenye ndondo. Wameendelea hivyo mpaka leo.

Mwaka huu namba ya dada ikaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la harusi. Bwana harusi ni yule kijana wa mihogo. Mwenyekiti wa kamati ni yule aliyepeleka kibarua. Kadi ya mtu mmoja shilingi 50,000, ya wawili 100,000. Mwenyekiti akarusha picha ya wao wawili wakiwa na kaptula za shule, akaandika kwamba urafiki wa kweli haufi, umepita kwenye moto. Watu wakajaza mioyo na makofi. Huo moto aliuwasha nani na aliungua nani, hakuna aliyeuliza.

Dada hakufoka kwenye grupu. Alimwandikia mwenyekiti pembeni: "Kaka, ule moto unaousema ndiyo ule wa kwa baba mdogo?"

Jibu likaja haraka: "Hahaha dada, bado unakumbuka? Tulikuwa watoto. Halafu ukweli niliwasaidia, ungeweza kupata mimba pale."

Hili neno "niliwasaidia" ndilo lililomkaa kooni. Ndilo kila mchomaji analolala nalo. Hakuna mtu anayeamka akasema leo namuuza rafiki yangu kwa wivu. Anasema anamlinda. Anasema yule demu si wa hadhi yake. Anasema wazazi wana haki ya kujua. Sababu zake zote ni za kanisani na msikitini, ila mkono uliosukuma ni wa mtoto aliyeachwa peke yake kwenye kibanda.

Hapo katuni inawashinda watu wazima wengi. Bart hakusema amemsaidia Milhouse. Hakujifanya anatunza maadili ya Springfield. Alijua amefanya kwa wivu, akasema ni mimi, akala ngumi zake. Na kuna kitu cha pili ambacho vile vipande vya TikTok wanakikata: kipindi hakiishi kwenye ngumi. Baada ya kupatana, wale madogo wawili wanafunga safari mpaka shuleni kwa Samantha. Wanamkuta, tena anasema shule anaipenda na masista ni wema.

Unaweza kusema hapo waandishi walijirahisishia kazi. Kumfanya binti afurahie adhabu ni njia rahisi ya kuwatoa wavulana kwenye deni. Samantha mwenyewe hakuja kuwa mhusika wa kudumu kwenye katuni; Bart na Milhouse wamepewa miaka mingine zaidi ya 30 ya kuwa marafiki. Hiyo ni kweli. Ila bado walikwenda. Walifika getini kwa mtu waliyemgharimu.

Dada wa Temeke alikaa Tanga miaka miwili na zaidi. Getini kwake hakuja mtu.

Alimjibu mwenyekiti maneno machache. Akamwambia yeye hana shida na harusi, bwana harusi amtakie heri na mkewe awe na amani. Ila alichotaka ni mtu mmoja tu aseme ukweli bila kuupaka mafuta. Mwenyekiti akasoma. Alama mbili za bluu, kimya. Siku tatu. Ya nne akapiga simu saa nne usiku, akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Nilikuwa na wivu. Wala siyo kwamba nilikutaka wewe. Niliona jamaa yangu ananiacha." Dada akamwambia, "Hilo nilijua toka siku ile. Nilikuwa nasubiri ulijue wewe." Jamaa akaomba samahani. Dada akasema ameisikia. Kusamehe hakumwahidi, na hakuna anayemdai.

Mchango hakutoa. Alijitoa kwenye grupu asubuhi, akafungua saluni, kulikuwa na wateja wawili wanasubiri.

Kwa hiyo wadau, ukiambiwa fulani na fulani wametoka mbali, wamegombana mpaka wakapatana, wapigie makofi, ni haki yao. Urafiki wa utotoni ni mali. Ila kabla hujamaliza makofi, uliza swali moja dogo: walivyokuwa wanagombana, nani alikuwa katikati, na sasa hivi yuko wapi? Kama yupo mtu wa hivyo na wewe ni mmoja wa wale wawili, Tanga siyo mbali. Basi la asubuhi linaondoka kila siku.